Kutoka Volendam kwenda Marken: boti, basi au baiskeli?

Ukisimama ukingoni mwa bandari ya Volendam, nchini Uholanzi, siku isiyo na ukungu, unaiona Marken kwa macho: mstari mwembamba wa mapaa juu ya maji, na mnara wa kanisa ukichomoza. Kwa maji ni kilomita nne au tano tu. Kwa barabara ni karibu mara tatu ya hapo, maana inabidi uizunguke ghuba nzima ya Gouwzee, upite mji wa Monnickendam, kisha uingie juu ya tuta refu linaloelekea Marken. Wageni wanaofika hapa na siku moja mkononi huuliza jambo lile lile: tuvuke na boti, tupande basi, au tukodi baiskeli?

Nimekwenda kwa njia zote tatu, peke yangu na pamoja na ndugu waliokuja kunitembelea. Uchaguzi wangu nautaja mapema, kwa ajili ya mwenye haraka: toka Amsterdam kwa basi hadi Volendam, vuka kwa boti hadi Marken, kisha rudi Amsterdam kwa basi. Usikate tiketi ya boti ya kwenda na kurudi kama huna gari ulilolipaki Volendam. Yanayofuata ni sababu zangu, pamoja na hali ambazo mimi mwenyewe ningechagua vingine.

Vijiji viwili visivyofanana

Watu huvitaja Volendam na Marken kwa pumzi moja kana kwamba ni mapacha. Volendam ni mji wa Wakatoliki wenye watu zaidi ya elfu ishirini, timu ya mpira inayojulikana nchi nzima, na waimbaji wengi kiasi kwamba Waholanzi wana jina maalumu la muziki wao, palingsound, yaani sauti ya mkunga, kwa jina la samaki waliyekuwa wakimvua. Marken ni kijiji cha Waprotestanti kisichofika watu elfu mbili, na hadi 1957 kilikuwa kisiwa kamili. Lahaja zao ni mbali, mavazi yao ya asili ni mbali, na hata mashua zao za uvuvi zilibeba alama tofauti: VD kwa Volendam, MK kwa Marken. Mashua za kale za mbao, ziitwazo botter, bado unaziona bandarini na herufi hizo zimeandikwa ubavuni.

Kwa anayechagua njia, tofauti hii ina maana. Volendam unaielewa hata ukifika kwa barabara. Ni mtaa mmoja juu ya tuta, maduka, hoteli, vibanda vya samaki na umati. Marken ni mahali palipojengwa pakitazama maji kila upande, na ukiingilia mlango wa nyuma unaona nyumba nzuri lakini huoni kwa nini zimesimama vile.

Boti

Kampuni inayovusha abiria inaitwa Volendam Marken Express, na safari huchukua kama nusu saa. Miezi ya joto boti huondoka karibu kila nusu saa hadi dakika 45. Kipindi cha baridi safari hupungua sana na ya mwisho huondoka mapema, kwa hiyo soma ratiba ya siku ile ile unayosafiri. Tiketi hupatikana gatini au mtandaoni. Ya kwenda na kurudi ni nafuu kuliko mbili za kwenda tu. Kadi ya usafiri wa umma uliyoitumia kwenye basi haifanyi kazi humu, wala ile tiketi ya siku iitwayo Amsterdam & Region Travel Ticket; hii ni boti ya matembezi na inalipiwa peke yake. Kwa kila kilomita, boti ndiyo ghali kuliko njia zote tatu.

Msomaji aliyezoea pantoni ya Kigamboni au feri ya Likoni asitegemee kitu cha namna hiyo. Hakuna magari, hakuna kusukumana getini, hakuna mtu anayewahi kazini na kapu la nyanya kichwani. Abiria karibu wote ni watalii. Kuna chumba cha chini chenye madirisha na viti, na kuna sitaha ya juu iliyo wazi. Kaa juu kama hali ya hewa inaruhusu, lakini chukua koti hata mwezi wa Julai, maana upepo wa pale huanza kuuma mara tu boti inapotoka nje ya bandari.

Upande wa kukaa nao una maana. Ukitoka Volendam, kulia kwako ni Gouwzee na mbali kidogo Monnickendam. Kushoto ni Markermeer, maji makubwa ya karibu kilomita za mraba 700, ambayo kina chake kwa wastani hakifiki mita nne. Kwa sababu ya ufupi huo wa kina, mawimbi yake si yale mapana ya bahari kuu. Ni mafupi, ya haraka, yanayogonga ubavu wa chombo kama mtu anayebisha hodi kwa haraka. Mtu wa pwani ataitambua tofauti hiyo miguuni kabla hajaiona kwa macho.

Mimi hukaa kushoto, na sababu ni tuta moja ambalo wengi hulipita bila kulitazama. Unapoikaribia Marken utaona ulimi mrefu wa ardhi ukitokea kisiwani kuelekea kaskazini, una nyasi na matete, kisha unaishia majini ghafla. Unaitwa Bukdijk. Ulianza kujengwa 1941 uwe sehemu ya ukingo wa kufunga sehemu kubwa ya maji haya, yakaushwe, pawe na mashamba na vijiji vipya. Nchi ilikuwa vitani, kazi ikasimama, na baada ya vita mpango wa ardhi hiyo mpya, iliyoitwa Markerwaard, ukajadiliwa kwa miongo kadhaa hadi ukaachwa. Ingekamilika, sehemu kubwa ya maji ya kushoto kwako yangekuwa nchi kavu. Huenda ungekuwa unatazama shamba la viazi.

Hapo ndipo boti inapolipa thamani yake. Maji haya zamani yalikuwa bahari, Zuiderzee, ya chumvi, iliyofungamana na Bahari ya Kaskazini. Januari 1916 dhoruba iliyasukuma juu ya kingo. Marken peke yake walikufa watu 16. Miaka miwili baadaye, 1918, Bunge lilipitisha sheria ya kuifunga bahari hiyo kwa mpango wa mhandisi Cornelis Lely, na 1932 tuta la Afsluitdijk, lenye urefu wa kilomita 32, likaziba mlango wake kaskazini. Chumvi ikaondoka polepole. Heringi na dagaa wa baharini, walioilisha Volendam na Marken vizazi kwa vizazi, wakatoweka. Wakabaki samaki wa maji baridi, mkunga akiwa wa kwanza kwa thamani. Mwaka 1975 tuta jingine kati ya miji ya Enkhuizen na Lelystad likaligawa ziwa, upande huu ukawa Markermeer.

Mama yangu alipokuja kutoka Pangani nilimweleza haya yote tukiwa sitahani. Yeye amekulia mahali ambapo mto unakutana na bahari na watu huvuka kwa kivuko kila siku kwenda Bweni. Alisikiliza, akayatazama maji, akasema kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo waliinyang'anya bahari, mwanangu, na wavuvi wakabaki na nini?" Sikuwa na jibu fupi. Serikali iliweka sheria ya kuwasaidia wavuvi mwaka 1925, lakini msaada si samaki. Wengi waliacha bahari wakaenda viwandani na kwenye ujenzi. Swali lile lisingemjia ndani ya basi.

Kisha boti inaingia bandari ya Marken. Mlango wake ni mwembamba, na ghafla nyumba za mbao zinakuzunguka pande tatu, za kijani iliyokolea na nyeupe, nyingine nyeusi kwa lami. Mtaa huu wa bandarini, Havenbuurt, ulijengwa kwa ajili ya mtu anayekuja kwa chombo. Nyingi ya nyumba zake zilisimama juu ya nguzo ili maji ya mafuriko yapite chini yake. Baada ya bahari kufungwa, watu waliziba nafasi ile ya chini wakaifanya chumba. Ukiangalia vizuri unaona ghorofa ya chini ina sura tofauti na ya juu. Hiyo ndiyo sehemu iliyokuwa ya mawimbi.

Udhaifu wa boti upo. Kukiwa na upepo mkali huenda isitoke kabisa. Adhuhuri ya kiangazi vikundi vya mabasi ya watalii hujaza viti vya juu. Kupanda sitahani ni kwa ngazi, jambo zito kwa mwenye magoti mabovu, ingawa chumba cha chini kina starehe na madirisha yake yanaonyesha vya kutosha.

Basi

Basi ndiyo njia ya uhakika na ya bei nafuu. Kutoka stesheni kuu ya Amsterdam, mabasi ya Waterland, eneo lililo kaskazini mwa Amsterdam, huondokea ghorofa ya juu, upande wa maji ya IJ, nyuma ya stesheni. Namba 316 huenda Volendam na kuendelea hadi Edam. Namba 315 huenda Marken. Volendam unafika baada ya kama nusu saa, Marken kama dakika 40 au zaidi kidogo. Shuka Volendam kituo cha Zeestraat, bandari ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Marken basi huishia Kerkbuurt.

Kumbuka mambo mawili. Fedha taslimu hazipokelewi. Na kila abiria anahitaji kadi yake mwenyewe, iwe ya benki inayosomwa kwa kugusisha au ya usafiri. Huwezi kugusisha moja mara nne kwa ajili ya familia. Gusisha unapopanda na unaposhuka. Ukisahau wakati wa kushuka, unakatwa nauli kubwa kuliko ya safari yako.

Kati ya Volendam na Marken zenyewe, basi si la moja kwa moja. Unarudi Monnickendam, unashuka, unangoja jingine. Hesabu kama saa nzima pamoja na kungoja, kwa umbali ambao boti huumaliza kwa nusu saa. Ukiwa na bahati mbaya ya kulikosa basi la pili, Monnickendam yenyewe ni mji mzuri wa kupitisha muda, kimya kuliko Volendam, na pia ni wa uvuvi.

Kipande kizuri cha safari ya basi ni cha mwisho. Baada ya Monnickendam, barabara inapanda juu ya tuta, na kwa muda unasafiri na maji kushoto na kulia: Gouwzee upande mmoja, Markermeer upande wa pili. Tuta hilo ndilo lililoifanya Marken isiwe kisiwa tena, 1957. Ndiyo maana napenda kulitumia wakati wa kutoka. Ukija kwa boti na kuondoka kwa tuta, umepita historia ya kijiji kwa mfuatano wake: kwanza kisiwa, halafu barabara. Ukifanya kinyume, bado ni siku nzuri, lakini unafika Marken kama watu wanavyofika kijiji kingine chochote, kwenye kituo cha basi.

Kwa mzee asiyetaka ngazi wala upepo, kwa mwenye kiti cha magurudumu, kwa anayekuja Desemba, na kwa familia ya watu sita inayohesabu kila yuro, basi ndilo jibu. Hakuna unyonge katika uchaguzi huo. Mabasi ya hapa yana sakafu ya chini na hutembea hadi usiku.

Baiskeli

Mwenye mapafu na siku nzima, baiskeli ni furaha ya pekee. Kutoka Volendam hadi Marken kwa kuzunguka ni kama saa moja bila kukimbilia, njia ni tambarare mwanzo hadi mwisho, na sehemu kubwa ina njia ya baiskeli iliyotengwa na magari. Unapita malisho ya ng'ombe, mifereji, na majumba ya wakulima yenye mapaa yenye umbo la piramidi.

Lakini sehemu hii ya Uholanzi haina vilima. Ina upepo, na upepo ndio mlima wao. Mara nyingi unavuma kutoka kusini-magharibi. Juu ya tuta la Marken hakuna mti wala ukuta wa kukukinga. Mara ya kwanza nilipokwenda nao uso kwa uso, zile kilomita chache za tutani zilinichosha kuliko njia yote iliyotangulia. Angalia mwelekeo wa upepo asubuhi, kisha panga baiskeli kwa upande ambao upepo unakusukuma, na boti kwa upande ambao unakupinga. Boti inapokea baiskeli kwa nyongeza ya nauli, kwa hiyo mzunguko kamili unawezekana: baiskeli upande mmoja, boti upande wa pili. Kwa kijana anayeishi Uholanzi na ana baiskeli yake, huu ndio mpango ninaoupendekeza kuliko wangu mwenyewe.

Faida nyingine ya baiskeli inaonekana ukishafika. Upande wa mashariki wa Marken, kwenye ncha kabisa, upo mnara wa taa wa 1839 unaoitwa Paard van Marken, Farasi wa Marken. Kutoka bandarini kwa miguu ni mwendo wa nusu saa na ushee, na watalii wengi wa boti hawafiki kwa kuogopa muda. Kwa baiskeli ni dakika kumi hivi. Hauingiliki ndani, lakini mahali penyewe, na maji mbele yako hadi upeo wa macho, pana utulivu usioupata popote Volendam.

Gari la binafsi

Kwa kifupi: ukienda na gari, lipaki upande mmoja na uvuke kwa boti ya kwenda na kurudi. Hapo tiketi hiyo ina mantiki. Marken wageni huacha magari kwenye uwanja wa kulipia mlangoni mwa kijiji na kutembea, na vichochoro vya ndani hata hivyo havimpi dereva nafasi.

Uanzie wapi

Kuna ubishi kati ya wenyeji wa Amsterdam wanaopeleka wageni. Wengi huanza Marken asubuhi ikiwa tulivu, kisha huvuka kwenda Volendam kula chakula cha jioni. Hoja yao ina uzito. Volendam huwa hai hadi usiku, na kula ni bora kule: mkunga aliyekaushwa kwa moshi, heringi mbichi aliyetiwa chumvi, na kibbeling, vipande vya samaki mweupe vilivyovingirishwa kwenye uji wa unga vikakaangwa. Msomaji Mwislamu aulize kwanza kama uji huo umekorogwa na bia, kwa sababu wapo wanaofanya hivyo, muuzaji hatakasirika.

Mimi huanza Volendam, nafika mapema kabla ya saa nne asubuhi. Maduka ya tutani ndiyo kwanza yanafungua, na wale wanaotaka kupigwa picha wakiwa wamevaa mavazi ya Volendam, yenye kofia nyeupe ya wanawake yenye ncha, hawajapanga foleni. Napita nyuma ya tuta, kwenye vichochoro vya nyumba ndogo zilizokaa chini kuliko maji, ambako watalii hawaendi. Nanunua mkunga, namla pale pale. Kabla ya saa sita niko kwenye boti. Saa nane mchana, umati unapoijaza Volendam, mimi niko Kerkbuurt, mtaa wa kanisa wa Marken, kwenye jumba la makumbusho lililowekwa ndani ya nyumba ndogo za zamani zisizo na dohani, ambazo moshi wa moto wa ndani ulitokea tundu la paa. Chumba kimoja kilitosha familia nzima, na vitanda vimo ndani ya kabati ukutani.

Marken ndiko pia kulikomgusa mama. Iko karakana ya viatu vya mti, na mashine yake inakereza kiatu mbele yako kutoka gogo bichi. Mama alikishika kiatu, akakigeuza, akasema, "Mtalawanda huu, wameufunika tu mbele." Akamweleza mtengenezaji, mimi nikitafsiri, jinsi bibi yake alivyovaa mitalawanda kwenda kisimani na kuogea, na jinsi sauti yake ilivyomjulisha mtoto kwamba mtu mzima anakuja. Yule bwana aliacha kazi akasikiliza. Alisema na kwao ilikuwa hivyo hivyo: ulimjua mtu kwa mlio wa hatua zake. Walizungumza juu ya aina za miti, upi haunyonyi maji, upi hupasuka, hadi nikahofia basi.

Kama tarehe zako zinaruhusu, kuna siku moja inayobadilisha hesabu yote: 27 Aprili, sikukuu ya mfalme. Siku hiyo watu wa Marken wenyewe hutoka katika mavazi yao ya asili, kwa ajili yao na si kwa picha zako. Nenda asubuhi, ukae pembeni, uombe ruhusa kabla ya kuelekeza simu usoni mwa mtu.

Tulirudi na lile basi la jioni. Mama alikaa dirishani upande wa Gouwzee. Tulipofika katikati ya tuta alinionyesha kwa kidole: boti ilikuwa inarudi Volendam, ndogo, taa zake zimeshawashwa. Akaifuata kwa macho mpaka barabara ilipopinda.